Mizinga ya Kale na Utunzaji Wake

Mtu aingiaye Ngome ya Yesu, Mombasa, huona mizinga ya namna nyingi. Mingi ni ile ya zamani sana, iliyoshindiliwa baruti na tufe la chuma kwa mdomoni. Lakini imo miwili ya namna nyingine, nayo ilikuwa ya maadui: mmoja ulitoka katika manowari ya Kiingereza Pegasus, na wa pili katika manowari ya Kijerumani Königsberg.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Königsberg ikaijia na kuipiga kutoka mbali, mahali ambapo makombora ya Pegasus hayakuweza kufika, ikazama siku ile ile. Kisha Königsberg ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, hata Waingereza wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake kumi ipotee. Waliiopoa, wakaitia magurudumu Dar es Salaam, wakaipeleka vitani barani. Walioivuta katika matope na milima walikuwa wapagazi wa Kiafrika kwa mamia, ambao hadithi za manahodha huwasahau upesi.

Jeshi liliposhindwa kuendelea na mzinga, liliuvunja lenyewe ili usitekwe. Ndiyo sababu iliyosalia ni michache. Mmoja uko Pretoria, penye Union Buildings.

Kukusanya vitu hivi si kuvipanga uani tu. Adui wao mkubwa ni chumvi. Mzinga wa chuma uliokaa baharini miaka mingi hunywa chumvi, nao ukianikwa juani huonekana mzima, kisha huanza kupasuka na kumenyeka kama kitunguu. Kwa hiyo mafundi huulaza ndani ya tangi la maji yaliyotiwa magadi makali, wakapitisha nguvu ndogo ya umeme, chumvi ikatoka polepole. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka.

Mvuvi aonaye mzinga chini ya maji asiutoe, asiugonge, wala asilete moto karibu, maana huenda bado umeshindiliwa. Wala asimwite mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulipa kwa uzito tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yataka vitu vya kale vinapoonekana Makumbusho ya Taifa yaarifiwe, na kuvipeleka nchi za nje bila kibali ni kosa.