Kazi na Thamani ya Utafiti wa Kimaelezo katika Taaluma ya Lugha: Mfano wa Ishiara

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi na thamani ya mbinu za utafiti zisizoanzia katika kuhesabu, yaani kuhoji kwa mapana, kushuhudia maisha ya watu kwa muda wa kutosha, na kuandika maneno yao kama yalivyosemwa. Katika idara zetu za lugha mbinu hizi aghalabu huchukuliwa kuwa maandalizi tu. Mtafiti huzungumza na watu wawili watatu, kisha hutunga hojaji, na majedwali yatokanayo na hojaji hiyo ndiyo huitwa utafiti wenyewe. Hapa itadaiwa kwamba mpangilio huo una kasoro. Kabla ya kitu kuhesabiwa ni lazima ijulikane kitu hicho ni nini machoni pa wale wanaohesabiwa, na ujuzi wa namna hiyo hauwezi kutokana na hesabu.

Istilahi yenyewe bado haijatulia. Wako wasemao utafiti wa kimaelezo, wako wapendeleao kithamano, na wengine hutumia stahilifu. Neno "kimaelezo" lina udhaifu wa kumfanya msomaji adhani kwamba kazi ni kueleza tu bila kuchambua. "Kithamano" nalo laweza kudokeza kwamba utafiti wa idadi hauna thamani, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili atakayelidai. Makala haya yatatumia "kimaelezo" kwa kuwa ndilo linaloeleweka kwa wepesi zaidi.

Ishiara ni mji mdogo wa soko katika Mbeere ya Kaskazini, Kaunti ya Embu. Uko katika nchi kavu iliyo chini ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, nchi ya mbuzi, mtama, kunde, ndengu, na siku hizi muguka. Mto Thuci hauko mbali, na ng'ambo yake ni Kaunti ya Tharaka-Nithi. Ukizidi kuteremka unafika Tana, na ng'ambo ya Tana ni kwa Wakamba. Katika soko la mahali kama hapo Kimbeere, Kiembu, Kitharaka, Kichuka na Kikamba hukutana, na Kiswahili hupita katikati yao. Kwa mwanaisimu ni mahali pa kutamanika. Kwa mtunga hojaji ni mahali pa taabu.

Tuanze na hesabu zilizopo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliwahesabu Wambeere 168,155, na Waembu ikawahesabu peke yao. Malcolm Guthrie, katika mpango wake wa lugha za Kibantu, aliipa Kiembu nambari E52, Kitharaka E54 na Kikamba E55. Kimbeere hakukipa nambari yake mbali. W. J. G. Möhlig, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya lahaja za mashariki ya Mlima Kenya, alizilinganisha kwa uangalifu mkubwa, na akaonyesha kwamba uhusiano wa lahaja hizi ni mgumu kuliko mistari ya ramani za utawala. Basi twaona kwamba kwa sensa kuna watu wa aina mbili, kwa Guthrie kuna lugha moja, na kwa mtaalamu wa lahaja kuna mfululizo wa matamshi na msamiati usiokatika mahali pamoja. Hakuna aliyekosea hapa, kwa maana kila mmoja alijibu swali lake. Ila hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali ambalo mwalimu wa darasa la kwanza pale Ishiara analazimika kulijibu kila asubuhi.

Swali hilo si dogo. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha itumikayo zaidi katika eneo la shule yake. Ni pendekezo la busara, lakini limejengwa juu ya dhana kwamba lugha ya eneo inajulikana. Pale Ishiara ni ipi? Ikisemwa ni Kimbeere, vitabu vya kusomea viko wapi? Kwa miaka mingi makanisa na shule za Embu na Mbeere zilitumia vitabu vya Kigikuyu, na Watharaka nao walisoma Biblia ya Kimeru hadi Agano Jipya la Kitharaka lilipochapishwa mwaka 2001. Mtu mzima aliyejifunza kusoma kwa lugha ya jirani yake akiulizwa "Je, waielewa lugha hii?" atasema naam, tena kwa haki. Mtoto wake wa miaka sita hakuulizwa.

Sasa na tufikiri hojaji imeletwa sokoni, na swali la kwanza ni "Wewe huzungumza lugha gani?" Mama auzaye ndengu, aliyezaliwa ng'ambo ya Thuci na kuolewa upande huu, atajibu neno moja, na mtafiti ataliandika. Lakini neno hilo laweza kuwa jina la kabila la mumewe, au la baba yake, au la lugha ambayo huitumia na mnunuzi aliye mbele yake wakati ule, au la lugha anayoona yastahili kutajwa mbele ya mgeni mwenye karatasi. Majibu manne tofauti yanaingia katika kisanduku kimoja na kutoka yakiwa asilimia. Hesabu ya asilimia hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado isijulikane ni asilimia ya nini. Hapa ndipo utafiti wa kimaelezo unapofanya kazi ambayo hakuna mbinu nyingine iwezayo kuifanya: unalipeleleza lile jibu la neno moja mpaka ijulikane linasimama badala ya jambo gani.

Haya hayakuwafichikia wataalamu waliotangulia. Kitabu kilichohaririwa na W. H. Whiteley mwaka 1974 juu ya lugha nchini Kenya kilitegemea sana hojaji, na ramani na majedwali yake yamewafaa wengi. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho mna sura za David Parkin juu ya mitaa ya Bahati na Kaloleni jijini Nairobi. Parkin alikuwa mwanaanthropolojia, na katika sura zake msomaji huona watu wakihama kutoka lugha hadi lugha kwa ajili ya utani, heshima, biashara au ujirani. Ukizisoma sura hizo baada ya majedwali, unaanza kuyauliza majedwali maswali mapya.

Mfano wenye uzito kuliko yote katika sehemu za Mbeere, hata hivyo, hautoki kwa wanaisimu. Unatoka katika mambo ya ardhi. Katika miaka ya 1970 ardhi ya Mbeere ilikuwa ikiamuliwa na kupimwa ili watu wapewe hati, na madai mengi yaliletwa kwa jina la ukoo. Neno la Kimbeere ni muviriga. Wagikuyu husema muhiriga. Mtafiti mwenye hojaji angeuliza "Wewe ni wa ukoo gani?", angepata jina, na angehesabu koo na watu wake. Jack Glazier, aliyekaa na Wambeere na kuchapisha kitabu chake juu ya ardhi na matumizi ya mila mwaka 1985, alifuata njia nyingine. Alisikiliza kesi na kufuatilia nasaba zilizotajwa ndani yake, akatazama jinsi masimulizi ya kale yalivyoletwa kuwa ushahidi. Jambo aliloonyesha ni kwamba mila haikuwa sanduku lililofunguliwa na kukutwa na vitu vyake vya zamani. Ilikuwa ikitumiwa na kupewa sura mpya katika mashindano yale yale ambayo ilitarajiwa kuyaamua.

Yafaa mwanaisimu atue hapa, kwani jambo hili ni la maana ya maneno. Kamusi yaweza kutafsiri muviriga kuwa "ukoo" na isikosee. Lakini mtu aulizaye habari za muviriga wakati wa kuolewa, na mtu aulizaye wakati wa kudai eka kadhaa mbele ya kamati, hawaulizi jambo moja, na anayejibu anajua hivyo. Maana imo katika shughuli. Anayehesabu koo bila kuishuhudia shughuli hupata orodha ya majina iliyo nadhifu, asijue kwamba orodha yenyewe ilikuwa silaha katika ugomvi. Na kwa kuwa wako waliopata ardhi na wako waliokosa kwa nguvu ya maneno hayo, haiwezekani kusema kwamba tofauti hii ni ya wasomi peke yao.

Mfano wa mimea waweza kutajwa kwa ufupi. David Brokensha na Bernard Riley walifanya utafiti Mbeere kwa miaka mingi, na kitabu chao cha mwaka 1988 kilitoka katika juzuu mbili, ya pili ikiwa juu ya mimea na matumizi yake. Nchi ambayo mpita njia angeiita pori tu hudhihirika hapo kuwa ghala la dawa, kamba, kuni, ua na malisho, kila kitu na jina lake. Mtu asiyejua majina hayo hana hata la kuhesabu.

Kuna jambo linalowahusu hasa walimu wa Kiswahili. Mahojiano mengi katika sehemu kama Ishiara hufanywa kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho mtafiti na mhojiwa wanachoshirikiana. Ni faida, lakini haikosi gharama. Kwa mzee wa Mbeere, Kiswahili kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya baraza la chifu, ya polisi na ya mahakama. Akiulizwa kwa lugha hiyo, huenda akajibu kama ajibuvyo ofisini: kwa ufupi, kwa tahadhari, na kwa kutaja yale ambayo serikali hupenda kuyasikia. H. E. Lambert, ambaye wanafunzi wa lahaja wanamkumbuka kwa vitabu vyake juu ya Kivumba na Chichifundi, alikuwa kwanza mtawala wa kikoloni huko Meru, na kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya asasi za Wagikuyu kina mengi ya sehemu hizo. Alikuwa msikilizaji hodari. Lakini wazee walioongea naye waliongea na Bwana D.C., na msomaji wa leo lazima aweke jambo hilo akilini katika kila ukurasa. Mtafiti wa kimaelezo hawezi kuliepa tatizo hili. Awezalo ni kulieleza wazi: nani aliuliza, kwa lugha gani, mbele ya nani. Hojaji huyaficha haya yote, kisha husifiwa kwa kutopendelea.

Watauliza wengine: je, maneno ya watu ishirini yana uzito gani mbele ya watu laki moja na zaidi? Na nani atahakikisha kwamba mtafiti hakusikia alichotaka kusikia? Pingamizi la pili ndilo zito zaidi, na dawa yake moja ilikwisha kuonyeshwa na H. S. K. Mwaniki. Baada ya kutoa historia yake ya Embu na Mbeere mwaka 1973, mwaka uliofuata alichapisha maandishi ya masimulizi ya wazee wenyewe, hata msomaji asiyekubaliana naye aweze kurudi kwenye maneno yao. Ni tasnifu chache zenye majedwali zinazompa msomaji nafasi hiyo. Ama pingamizi la kwanza, latokana na kudhani kwamba mbinu zote hujibu swali la "wangapi". William Labov aliwahoji watu 69 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, na makala yake ya mwaka 1963 imejaa hesabu za matamshi. Lakini hesabu hizo zilipata maana pale tu alipofahamu kila mtu alikionaje kisiwa chake. Waliokipenda na kutaka kubaki ndio walioyashikilia zaidi matamshi ya kwao.

Utafiti wa lugha ya shule pale Ishiara, basi, ungeanza kwa kukaa. Ungehitaji misimu miwili ya mvua angalau, kwa kuwa watu wanaokuja sokoni wakati wa mavuno ya ndengu si wale wale wa wakati wa njaa. Ungehitaji kusikiliza barazani, kanisani, kisimani na uani, na zaidi ya yote kuwasikiliza watoto wakicheza bila mtu mzima karibu. Ungeuliza mama wa ng'ambo ya Thuci humwimbia mwanawe kwa lugha gani, na bibi wa mtoto humjibu kwa ipi. Hojaji ingefuata baada ya hapo, pengine ikiwa na maswali kumi badala ya hamsini, na neno "lugha" lingekuwa limepata ndani yake majina ambayo wenyeji wenyewe huyatumia wanapotofautisha usemi wao na usemi wa jirani.