Pano imeshuka bei, batri ndiyo inatumaliza

Mama zetu wa Alunguli, kikundi kinapochanga feza za likelemba ili kununua umeme wa jua, ulizo la kwanza huwa ukubwa wa pano. Lakini pano si mgonjwa. Pano nzuri huishi miaka 20 na zaidi, na kati ya 2010 na 2020 bei yake duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90, kwa kazi ya watafiti na ya viwanda vya China. Kinachokufa nyumbani ni batri, na feza za kununua ingine zinatolewa katika masomo ya watoto.

Batri tuliyoizoea ni ya risasi na asidi, ndugu ya ile ya motokaa. Haipendi kukaushwa. Ukitumia zaidi ya nusu yake kila usiku, baada ya usiku mia chache imechoka: watoto wanafungua daftari saa moja ya jioni, saa mbili ampuli imezimika. Joto nalo linaila. Kuiweka chini ya mabati ni kuipika.

Mnamo 1997, katika chuo kikuu cha Texas, Marekani, John Goodenough na wenzake walionyesha njia ingine: lithiamu pamoja na chuma na fosfati. (Mzee huyu alipewa tuzo ya Nobel ya kemia 2019, akiwa na miaka 97. Wanaosema wamezeeka kwa kujifunza wasikie.) Batri hiyo inavumilia kutumiwa karibu yote, usiku 2,000 na zaidi, ni kusema miaka 5 na kitu. Haina hata punje ya kobalti ya Kolwezi. Tena ni nyepesi: ya volti 12 na amperi-saa 100 ina kilo 12 hivi, ile ya risasi karibu 30. Anayevusha mzigo Lualaba kwa mtumbwi toka Kasuku anaelewa maana yake.

Bei ya kuinunua ni kubwa zaidi, hatufichi. Ila tupige hesabu kwa usiku. Mfano wa darasani, si bei ya duka: batri ya dola 100 inayokaa usiku 400 inatugharimu senti 25 kila usiku, ya dola 240 inayokaa usiku 2,000, senti 12. Mama mmoja peke yake hawezi kutoa 240 mara moja. Kikundi kinaweza, kwa zamu.

Kabla ya kulipa, tusome juu ya batri: iandikwe LiFePO4. Muuzaji aonyeshe kwamba regilatere, kile kisanduku kati ya pano na batri, inakubali lithiamu. Ya zamani inaweza kuiharibu. Garanti iwe kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Batri ikifika, ikae ndani, penye hewa, mbali na jiko. Pano tu ndiyo ipande juu, ikiinamia kaskazini kidogo, mvua iioshe vumbi.