Programu Inabamba Kwa Lapi Yako, Kwa Mteja Inabuma? Shida Ni Hii
Umeundia mwenye duka programu ya risiti. Kwa lapi yako iko fiti, kwa yake inakataa, na doo bado hajatoa. Cheki vizuri: uliandika C:\Users\jina lako\Desktop. Hiyo mashine haikujui, buda!

Kwa C#, uliza Windows yenyewe: Environment.GetFolderPath(Environment.SpecialFolder.Desktop). Itakupea folda ya mwenye ameingia saa hiyo, hata kama OneDrive imeihamisha.

Kufungua risiti ya PDF ni Process.Start, na hapo ndio wasee huchapwa. .NET Framework ya kitambo ilikuwa inafungua tu. Tangu .NET Core, lazima uweke UseShellExecute = true kwa ProcessStartInfo, juu bila hiyo inadhani PDF ni programu ya kuanzishwa.