Chunguza Ardhi Kabla ya Kutoa Fedha

Kwa wanachama wetu wote, wa Unguja na wa Pemba.

Kila msimu wa karafuu unapokwisha, na fedha zikaingia mkononi, wako miongoni mwetu wanaotaka kununua shamba. Wengine hununua hapa hapa visiwani, na wengine hutazama bara. Tumeulizwa khasa khabari za ardhi ya Kibimba, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kwa kuwa wenzetu wameambiwa kwamba huko ardhi ni rahisi. Hatumkatazi mtu kununua. Twataka kumkumbusha tu kwamba ardhi haisemi aibu zake. Ni juu ya mnunuzi kuiuliza.

Kwanza, uliza ardhi hiyo ilitumikaje zamani. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Tarehe 28 Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo, na katika muda wa kiasi cha siku moja watu wapatao 250,000 wakaingia wilayani humo. Wengi walikaa katika kambi ya Benaco mpaka waliporudishwa kwao Desemba 1996. Watu wengi namna hiyo lazima wapike, na kuni zao zilitoka katika miti ya mahali pale. Vilima vilibaki vitupu, mvua ikachukua udongo wa juu, na vyoo vya mashimo vikachimbwa kwa wingi. Hatusemi kwamba kila shamba la Ngara liko hivyo. Twasema kwamba majani mabichi ya leo yaweza kufunika udongo uliokwisha nguvu. Waulize wazee wa kijiji, wala si muuzaji peke yake. Kisha chimba shimo la futi mbili utazame udongo wenyewe, kama ni mwingi au kama jembe lagota mawe upesi.

Pili, uliza maradhi. Asiende mtu Ngara kwa kutarajia mkarafuu, kwani ile ni nchi ya vilima, ya migomba, mibuni na maharage. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia mkoa wa Kagera. Dalili zake ni ndizi kuiva kabla ya wakati na bila mpango, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Mnunuzi akipanda miche mipya mara moja mahali pale pale, huenda akapata hasara ile ile, kwa kuwa vijidudu vyake hubaki udongoni kwa miezi kadhaa. Sisi wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Maradhi ya mikarafuu kufa ghafla yaliua miti mingi Unguja, na uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulionyesha kuwa husababishwa na kuvu. Kwa hiyo, hata hapa nyumbani, ukiona mapengo katika safu za mikarafuu, usiridhike kuambiwa kwamba ni upepo. Mche mpya wataka miaka mingi kabla ya kuchumwa. Aliyenunua mapengo amenunua na miaka hiyo ya kungoja.

Tatu, tazama maji. Nenda shambani wakati wa masika, wala si wakati wa kiangazi peke yake. Kwenye mteremko tazama mifereji iliyochimbwa na mvua, na bondeni tazama maji yanasimama kwa siku ngapi. Mkarafuu haupendi mizizi yake ikae majini. Hapa Pemba yako mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya bahari, basi onja maji ya kisima. Bara nako sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mtu aliyeuziwa eka ya ukingoni amelipia ardhi asiyoweza kuitumia apendavyo.

Nne, uliza khabari za madini na za hifadhi. Katika wilaya ya Ngara iko nikeli ya Kabanga, ambayo mwaka 2021 Serikali ilitia saini mkataba juu yake. Madini ni ya taifa, hata yakiwa chini ya mgomba wako, na mwenye kununua ndani ya eneo la leseni huenda akanunua kuhamishwa. Upande wa Biharamulo wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, na baadhi yao hutumia zebaki. Zebaki iliyochanganyika na maji huenda isionekane kwa macho, hivyo maji ya karibu na machimbo yafaa yapimwe maabara kabla ya kunywewa. Kadhalika, hifadhi za wanyama za Biharamulo, Burigi na Kimisi zilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Hakikisha mpaka wa shamba haugusi mpaka wa hifadhi.

Tano, fuata sheria. Kwa ardhi ya kijiji huko bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji kabla ya ardhi kuhamishiwa mtu asiyekaa kijijini hapo. Hati iliyoandikwa gizani baina ya watu wawili haitoshi. Hapa kwetu, eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ni ardhi ya Serikali iliyotolewa kwa kutumiwa, wala si bidhaa ya kuuzwa. Anayekuuzia hizo anakuuzia mashaka.

Na wewe muuzaji, usijione kuwa haya hayakuhusu. Dini inatukataza kuficha aibu ya kitu tunachokiuza. Sema wazi mikarafuu mingapi imekufa, maji husimama wapi, na nani ana dai juu ya mpaka. Yaandike, yasomwe mbele ya mashahidi, kisha mkubaliane bei. Mnunuzi aliyeambiwa kweli hana sababu ya kurudi na kesi.

Wahenga walisema rahisi ghali, na majuto ni mjukuu. Fedha ya karafuu hupatikana kwa kupanda juu ya mti mrefu, kwa jua la anikio na kwa mikono iliyochubuka, na wako waliovunjika miguu kwa ajili yake. Haifai iondoke kwa safari moja ya bara na neno tamu la dalali. Nenda mara mbili, uliza watu watatu, chimba shimo, onja maji, soma karatasi. Ukiridhika na yote hayo, ndipo ufungue mkoba.