Umefuta faili au flashi imegoma? Kosa kubwa ni kuendelea kuitumia

Mbinga. Ni msimu wa kahawa. Katibu wa AMCOS anashuka mjini na flashi yenye majina ya wakulima, kilo walizopeleka na malipo waliyokwishapokea. Anaichomeka kwenye kompyuta ya steshenari ili achapishe orodha. Anapoifungua, mafolda yote yamegeuka alama ndogo zenye mshale. Akibonyeza, hakuna kinachofunguka.

Aliye karibu anampa ushauri wa haraka: "Hiyo ina virusi, fomati tu."

Hali hii inaweza kumkuta katibu yeyote, mwalimu mwenye matokeo ya wanafunzi au mfanyabiashara wa dagaa wa Mbamba Bay anayetunza madeni kwenye simu. Mara nyingi taarifa bado zipo. Zinapotea kabisa pale mtu anapokubali kufomati, au anapoendelea kukitumia kifaa kama vile hakuna kilichotokea.

Haya ndiyo ya kufanya, na ya kutofanya.

Ukifuta, faili haliondoki papo hapo

Fikiria daftari la viwanja la kijiji. Mtu akikata jina lako kwenye daftari, nyumba yako haibomoki siku hiyo. Bado imesimama. Ila kiwanja sasa kinahesabika ni kitupu, na mwingine akipewa akajenga, hapo ndipo nyumba yako inapokwisha.

Flashi, memori kadi na diski za kompyuta za zamani zinafanya kazi hivyohivyo. Ukifuta picha, kifaa kinakata jina tu. Picha yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: acha kutumia kifaa hicho mara moja. Usipige picha mpya, usipakue wimbo, usihamishie faili jingine. Kama ni memori kadi, itoe kwenye simu. Kama ni flashi, ichomoe na uiweke mfukoni.

Kuna vifaa visivyofuata kanuni hii. Kompyuta zenye diski za kisasa za SSD husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe, wakati mwingine ndani ya muda mfupi. Simu janja za miaka ya karibuni nazo huhifadhi kila kitu kwa mafumbo ya siri, na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, ufunguo wa mafumbo hayo unafutwa. Fundi anayekuahidi kurudisha picha zilizokuwa ndani ya simu ya namna hiyo baada ya kuiflashi, usimlipe mapema.

Flashi yenye mafolda ya mshale

Tatizo hili linajulikana sana kwenye steshenari, kwa sababu kompyuta moja inachomekwa flashi za watu wengi kwa siku. Kirusi hiki kwa kawaida hakifuti mafaili yako. Kinayaficha, kisha kinaweka alama za uongo mahali pake. Ukibonyeza alama hiyo, unakisaidia kuingia kwenye kompyuta nyingine.

Usibonyeze chochote. Fanya hivi kwenye kompyuta ya Windows yenye programu ya kuzuia virusi iliyo hai:

1. Chomeka flashi na uangalie imepewa herufi gani, kwa mfano E.
2. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter.
3. Kwenye dirisha jeusi andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
4. Bonyeza Enter na usubiri. Kama herufi ya flashi yako si E, badilisha.
5. Fungua flashi tena. Mafolda yako halisi yanatakiwa kuonekana. Wakati mwingine yanakuwa ndani ya folda moja isiyo na jina.

Nakili mafaili yako kwenye kompyuta, yapitishe kwenye programu ya kuzuia virusi, na hapo ndipo unaweza kufomati flashi. Kufomati ni hatua ya mwisho.

Picha au faili lililofutwa kwa bahati mbaya

Anza na sehemu rahisi. Kwenye Google Photos kuna "Tupio". Picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na ambayo haikuhifadhiwa hukaa siku 30. Kwenye iPhone, albamu ya "Recently Deleted" hutunza picha kwa siku 30 hivi. Google Drive nayo hukaa na faili siku 30 kabla ya kulifuta moja kwa moja.

Kwenye kompyuta, angalia Recycle Bin. Lakini fahamu kwamba faili ulilofuta kutoka kwenye flashi kwa kawaida haliendi huko.

Kama lilikuwa kwenye flashi au memori kadi, zipo programu za bure. PhotoRec inatafuta picha, video na nyaraka hata kama kadi imefomatiwa. Recuva ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Yote mawili yanahitaji kompyuta, na kwa zote mbili kuna sharti moja: faili lililookolewa lisihifadhiwe kwenye kifaa kilekile unachookoa. Ukifanya hivyo, unajenga juu ya kiwanja cha nyumba unayoitafuta.

PhotoRec hairudishi majina. Utapata mamia ya picha zenye namba badala ya majina, na itabidi ukae uzichambue. Anayetafuta picha ya mazishi ya baba yake hatalalamika.

Kwa aliyekuwa anaandika umeme ukakatika kabla hajahifadhi, Word na Excel huwa na nakala ya dharura. Fungua programu, nenda "File", kisha "Info", halafu "Manage Document" au "Manage Workbook", uone kama kuna kazi isiyohifadhiwa.

Meseji za WhatsApp

Kwenye Android, WhatsApp hujitengenezea nakala ndani ya simu kila usiku saa 8. Ukifuta mazungumzo muhimu mchana, una muda hadi saa hiyo.

Nenda "Mipangilio", kisha "Gumzo", kisha nakala ya gumzo, uone nakala ya mwisho ni ya lini. Kama ni ya kabla ya kufuta, unaweza kuiondoa WhatsApp, kuiweka upya kwa namba ileile na akaunti ileile ya Google, kisha ukakubali kurejesha. Meseji zilizoingia baada ya nakala hiyo utazikosa, kwa hiyo pima kipi ni muhimu zaidi. Kama nakala haipo au ni ya zamani sana, usiiondoe.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Akaunti ya Google kwenye simu nyingi ilifunguliwa na muuza simu siku ya kununua. Mwenye simu hajui hata barua pepe yake, achilia mbali neno la siri. Simu ikipotea, nakala ipo mtandaoni lakini mwenyewe hawezi kuifikia. Fungua mipangilio ya simu leo, angalia barua pepe hiyo, badilisha neno la siri na uliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Simu ikianguka ziwani

Kwa wanaosafiri kwa mitumbwi na boti kati ya Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, hili si jambo la mbali. Simu ikiingia maji, izime hapohapo. Usijaribu kuona kama inawaka, na usiichaji. Umeme ukikutana na maji ndani ya simu ndio unaounguza.

Toa laini na memori kadi, vifute, na uviweke mbali. Memori kadi mara nyingi husalimika hata simu ikifa. Kausha simu kwa kitambaa, iache mahali penye upepo kwa siku moja au mbili. Habari ya kuizika kwenye mchele haisaidii: mwaka 2024 Apple waliwaonya wateja wao kwamba chembe ndogo za mchele zinaweza kuidhuru simu. Kuianika kwenye jua kali au karibu na jiko nako ni kuiharibu.

Simu ikiibiwa: fuata mpangilio huu

Mwizi wa simu anaweza kuhangaika na laini kuliko simu yenyewe, kwa sababu kwenye laini ndiko kuna pesa na ndiko namba za uthibitisho zinakoingia.

1. Azima simu, piga 100 kwa mtandao wako, ombe laini na akaunti ya pesa vifungwe.
2. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kupitia simu nyingine, fungua google.com/android/find, uifunge simu au uifute.
3. Waambie ndugu na wateja wasitume pesa kwa meseji yoyote inayotoka kwenye namba yako.
4. Toa taarifa polisi ukiwa na namba ya IMEI. Namba hiyo unaipata kwa kubonyeza *#06#, lakini lazima uwe uliiandika kabla simu haijaibiwa.
5. Nenda na namba ya NIDA kwa wakala wa mtandao wako, uthibitishe kwa alama ya kidole na upate laini mpya.

Ili mwizi asifungue WhatsApp yako kwenye simu yake, washa uthibitisho wa hatua mbili. Unaweka namba sita ambazo unazijua wewe tu.

Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoifahamu, iripoti kwa mtandao husika. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040.

Steshenari na programu za mkopo

Kuna uvujaji ambao mtu anaufanya kwa mkono wake. Unamtumia mwenye steshenari kitambulisho cha NIDA na vyeti kwa WhatsApp, anachapisha, unalipa, unaondoka. Nakala zako zimebaki kwenye simu yake, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa katika kompyuta ambayo kila mteja anaifikia.

Usione aibu kusema: "Naomba tufute pamoja." Afute kwenye folda, afute kwenye Recycle Bin, na wewe ufute meseji kwa wote. Kama uliingia kwenye barua pepe au mfumo wa ajira, hakikisha umetoka kabla ya kuinuka kwenye kiti.

Sheria ipo upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hiyo inamgusa pia katibu mwenye orodha ya wakulima: taarifa zile si zake peke yake.

Programu za mkopo wa haraka ni mlango mwingine. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Malalamiko dhidi ya wakopeshaji wa aina hii yanafanana: mkopaji anaruhusu programu isome namba zote za simu yake, na akichelewa kulipa, ndugu na marafiki wanatumiwa meseji za kumdhalilisha. Programu ikiomba kusoma namba za watu ili ikupe mkopo, kataa.

Nakala tatu

Kurejesha kuna bahati ndani yake. Kuwa na nakala hakuhitaji bahati. Kanuni inayotumika duniani, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, ni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine.

Kwa katibu wa AMCOS, hiyo ina maana orodha moja kwenye kompyuta ya ofisi, moja kwenye flashi isiyozunguka steshenari, na moja kwenye Google Drive. Kwa mwenye duka ufukweni ambako bando ni ghali au mtandao unasumbua, si lazima kila kitu kipande mtandaoni. Orodha ya madeni ni faili dogo, inapanda kwa bando kidogo sana. Picha zinaweza kunakiliwa kwenye memori kadi ya pili, ikatunzwa kwa ndugu Mbinga au Songea. Nyumba moja ikiungua au boti moja ikizama, nakala nyingine ipo.

Mara moja kwa mwezi, fungua nakala hizo uone kama zinafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa inaweza kukuangusha siku unayoihitaji.

Kwa leo, fanya mambo mawili tu: bonyeza *#06# uandike IMEI kwenye daftari, kisha uhakikishe unalijua neno la siri la akaunti yako ya Google. Hayachukui hata dakika kumi.