Kubuni Protini kwa Kompyuta

Protini ni mnyororo wa viungo viitwavyo asidi amino. Aina za viungo hivyo ni 20 tu, lakini mipangilio yake haihesabiki. Mnyororo ukiisha kutengenezwa hujikunja wenyewe, na umbo lipatikanalo ndilo liamualo kazi yake. Mfano wake ni neno: herufi ni zile zile, ila mpangilio wake ndio uletao maana.

Neno "kubuni" litumiwapo hapa halina maana ya kuzua jambo lisilo kweli, bali kutunga kitu kipya kwa kufuata kanuni. Mbuni huanza na umbo alitakalo, kisha hutafuta mpangilio wa viungo utakaojikunja hata ukawa umbo lile. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walibuni Top7, protini ya viungo 93 ambayo umbo lake halikuwa limepata kuonekana katika kiumbe chochote. Kiongozi wao, David Baker, alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024.

Faida ya maarifa haya yaonekana katika tiba ya nyoka. Dawa iliyozoeleka hupatikana kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga iliyomo katika damu yake. Dawa hiyo huokoa maisha, walakini ni ghali, na pengine humdhuru mgonjwa. Tena, baadhi ya sumu za fira na koboko ni ndogo mno, hata mwili wa farasi hautoi kinga ya kutosha. Sumu hizo huziba mahali misuli ipokeapo amri ya neva, na mtu hushindwa kuvuta pumzi.

Mwaka 2025 Baker na wenzake walitangaza protini zilizobuniwa kuzishika sumu hizo zisifike kwenye misuli. Kompyuta ilianza na nukta zilizotawanyika ovyo, ikazipanga hatua kwa hatua hata zikapata umbo la kuoana na sumu. Programu ya pili ilichagua asidi amino; ya tatu ilipima kama mnyororo ungejikunja ipasavyo. Protini zilipotengenezwa na kujaribiwa, panya wengi waliotiwa sumu ya kuua walinusurika.

Hata hivyo, panya si mtu, na nyoka mmoja huwa na sumu za namna nyingi. Kompyuta hupendekeza tu. Hukumu hutolewa na maabara.