Gunia limejaa, mtoto amedumaa



Simama Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, uone malori ya mahindi na viazi yakielekea Dar es Salaam. Vijijini kwetu Kitandililo nako ni mashamba matupu. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Tumepitwa na Iringa tu, nao ni wakulima kama sisi!

Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, na ubongo wake nao huathirika. Mama wengi hawalitambui kwa kuwa kliniki wanaangalia kilo tu. Mtoto aweza kuwa na mashavu mazuri na bado amedumaa. Omba apimwe na urefu, maana akishapita miaka miwili ni vigumu kurudisha kilichopotea.

Msimu wa kilimo mama hutoka alfajiri, mtoto akabaki na bibi na uji mwembamba wa sembe, asubuhi na jioni. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, uji mzito wenye maziwa, maharage yaliyopondwa, yai au parachichi. Sisi parachichi tunapandisha lori, mayai tunapeleka sokoni. Akina baba, ile miaka miwili ya kunyonyesha inayotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 233, mama ataitimiza vipi akiwa na jembe kutwa nzima?

Kuharisha mara kwa mara nako hudumaza. Udhu si badala ya sabuni. Mkono uliotoka chooni unaitaka. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba na kijiti tu, sijui kwa nini madrasa ikikose.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Akibisha hodi mhudumu wa kijijini kwako, awe Mwislamu au Mkristo, mkaribishe, mwonyeshe kadi ya mtoto, muulize siku ya afya na lishe ya kijiji ni lini. Na kama mkeo ni mjamzito, aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, apewe vidonge vya kuongeza damu.